Mdoli anayeongea sandei skuli, ni pepo au ni mkono wa mwalimu?

SWALI (nimelifupisha): Shikamoo mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mi nafundisha watoto wa sandei skuli huku mkoa wa Pwani. Nilishona mdoli wa soksi, nikajifunza kwenye video jinsi ya kuongea bila kuchezesha midomo ili ionekane mdoli ndo anaongea. Watoto waliongezeka sana, hadi kuna siku mdoli alisema ametumwa na malaika kwamba humu ndani kuna mtoto kala hela ya sadaka, na kweli mtoto mmoja akalia akakiri. Sasa mzee mmoja wa kanisa kasema ile sauti ni pepo wa utambuzi na midoli ni mambo ya unyago, akamchoma mdoli mbele ya watoto. Mama mwingine analalamika mwanae wa miaka minne anaweweseka usiku. Nimesimamishwa mpaka nitubu mbele ya kanisa kwamba nilifanya uchawi. Je, ule ni uchawi? Nitubu?

JIBU: Marahaba binti yangu, Amen. Nikwambie ukweli nilishaamua maswali ya midoli siyajibu tena, manake kila nikijibu wanakuja watu na klipu zao za YouTube, mhubiri anapiga kelele kwamba kila mdoli ni mlango wa mapepo, na mabishano hayaishi. Ila kumchomea mwalimu kifaa chake mbele ya watoto anaowafundisha, alafu kumwambia akiri uchawi, hapo siwezi kunyamaza.

Nikupe jibu kwanza usikae roho juu. Hapana, hukufanya uchawi, na usitubu uchawi. Lakini kuna jambo lingine kwenye barua yako, umelitaja kwa juu juu tena kwa furaha, na hilo ndo ntakubana nalo huko chini. Subiri.

Mzee wako na hao wa kwenye klipu wanasimama kwenye Walawi 19:31 na Isaya 8:19, wale wenye pepo "waliao kama ndege na kunong'ona". Niwatendee haki, hawajaokota kitu hewani. Zamani kweli walikuwepo watu wa kutoa sauti kama inatokea tumboni au chini ya ardhi wakidai wafu wanasema, na Agano la Kale la Kiyunani linapomtaja yule mwanamke wa Endori aliyeendewa na mfalme Sauli usiku aite wafu linamweka kwenye kundi hilohilo la watu wa sauti za tumboni. Na huku kwetu tusijifanye wageni, mganga na kibuyu chake kinachosema, mzimu unaoitikia kutoka darini, nani hajasikia habari hizo? Kwa hiyo mzee aliposikia sauti na midomo yako imetulia, akili yake ilikimbilia anakokujua. Simlaumu kwa kushtuka.

Namlaumu kwa kuishia kwenye kushtuka. Isaya mwenyewe anamalizia kwa kuuliza, "Je! Haiwapasi watu kutafuta habari kwa Mungu wao?" Kosa la wale watu ni kwenda kwa wafu kutafuta habari ambazo walipaswa kuzitafuta kwa Mungu, na midomo kutembea au kutotembea haimo kwenye hoja yake kabisa. Ukitaka ushahidi soma Matendo 16, yule kijakazi wa Filipi alikuwa na pepo wa uaguzi na aliongea kwa mdomo wake wazi kabisa barabarani, tena alichokisema kilikuwa kweli, kwamba Paulo na wenzake ni watumishi wa Mungu aliye juu, na bado Paulo akamkemea pepo akamtoka. Kwa hiyo midomo ikitembea sio kinga na isipotembea sio ushahidi wa chochote.

Tena huu ufundi wenyewe ukishaujua unacheka. Sauti haitoki tumboni, inatoka kooni kama sauti yoyote, mtu anaacha meno yakaribiane, midomo anaiachia wazi kidogo bila kuitikisa, kazi yote inafanywa na ulimi ndani. Shida inakuja kwenye herufi zinazotaka midomo igusane, yaani B, M na P, hizo haziwezekani, ndo maana wanaibia, B wanaweka D, M wanaweka N, P wanaweka T, wanasema harakaharaka na sikio la msikilizaji linajazia lenyewe. Wewe uliyejifunza unajua mateso yake kwa Kiswahili, "Baba" inataka kuwa "dada" na "Mungu" inataka kuwa "Nungu". Sasa nimuulize mzee kwa heshima zote, ni pepo gani huyo anayeshindwa kutamka B? Na kuhusu sauti kuonekana inatoka kwa mdoli, hayo ni macho yanaliburuta sikio, ni kama ukikaa banda la video, spika iko kwenye kona na bado unaona maneno yanatoka kinywani mwa mtu aliye kwenye skrini, wala hakuna anayekimbia.

Wengine wanaleta amri ya pili, usijifanyie sanamu ya kuchonga. Sitakaa sana hapa. Mungu huyohuyo aliyetoa amri hiyo kwenye Kutoka 20 aliagiza makerubi wa dhahabu kwenye Kutoka 25, na nyoka wa shaba wa Musa alikuwa halali mpaka watu walipoanza kumfukizia uvumba, hapo ndo mfalme Hezekia akamvunja, 2 Wafalme 18:4. Kilichokatazwa ni kusujudu na kutumikia. Na wanaokimbilia Ufunuo 13:15, ile sanamu ya mnyama iliyopewa pumzi hata ikanena, jamani someni mstari mpaka mwisho, ile inawaua wasioisujudu! Soksi ya sandei skuli inamuua nani?

Kwenye unyago napunguza ukali, manake hapa mzee ana kidonda. Wewe ni kijana, pengine umekulia mjini, hujui mwana hiti ni nini. Kwa Wazaramo na Wakwere na majirani zao, mwali akiwekwa ndani alikuwa anapewa kinyago kidogo cha mti, hakina mikono, kichwani kina kishungi, akakitunza kama mtoto wake mpaka siku ya kutoka. Kwa mtu wa umri wa mzee wako, aliyezaliwa humo akaja kuokoka, kitu chenye sura ya mtoto mikononi mwa binti mbele ya watoto sio kichezeo hata kidogo, ni dunia nzima aliyoiacha nyuma. Ulipaswa kulijua hilo kabla, na kama hukujua basi mchungaji wako alipaswa kukwambia. Warumi 14 na 1 Wakorintho 8 zimeandikwa kwa ajili ya mambo ya namna hii, mwenye dhamiri iliyojeruhiwa na nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu usimkebehi. Ila sura hizohizo zina upande wa pili ambao wazee wetu hawapendi kuusoma, asiyekula naye asimhukumu anayekula. Dhamiri ya mzee inampa haki ya kusema "mimi sipendi", inampa haki ya kuomba kikao, haimpi haki ya kiberiti. Wala kufanana hakutoshi, mwana hiti alikuwa na mwiko wake na mafundisho yake ya siri, mdoli wako ni soksi na vifungo, na kilichokuwa kinasemwa kila mzazi angeweza kukaa kwenye benchi akasikia.

Na kama tatizo ni kitu kisicho na uhai kupewa maneno, basi tuanze kufuta Biblia. Waamuzi 9, Yothamu kasimama juu ya mlima Gerizimu, anawapazia sauti wanaume wa Shekemu, na kwenye hadithi yake miti inaongea, mzeituni unakataa ufalme, mtini unakataa, mzabibu unakataa, mwishowe mti wa miiba unakubali kwa vitisho. Ezekieli 4, nabii mzima kaambiwa achukue tofali achore Yerusalemu juu yake alafu aizingire kwa maboma, yaani mtu mzima kakaa chini na tofali na bamba la chuma, watu wanapita wanamuangalia. Yeremia kavunja chupa ya mfinyanzi. Nabii Agabo kajifunga mikono na miguu kwa mshipi wa Paulo. Na huyo mzee wako namuuliza, bibi yake alipokuwa anamsimulia Sungura na Fisi, Fisi alikuwa anaongea kwa sauti ya nani? Si bibi alikuwa anaikwaruza sauti yake mwenyewe gizani, na watoto wote wanajua ni bibi na bado wanaogopa na kucheka? Kenya miaka ya 1990 vikaragosi vilitembezwa mpaka vijijini kufundisha watu habari za Ukimwi, na watu walisikiliza mambo ambayo daktari akiyasema wanainamisha vichwa.

Sasa nakuja kwako, binti yangu.

Hayo yote ya Yothamu na ya bibi yana kitu kimoja, hakuna anayedanganywa. Wanaume wa Shekemu walijua mzeituni hausemi. Lakini wewe ulimfanya mdoli aseme katumwa na malaika, na hukufanya igizo lenye mwanzo na mwisho, ulitaja dhambi ya kweli ya mtoto wa kweli aliyekaa pale mbele yako. Kuna mtoto katika darasa lile aliyejua kwamba hii ni soksi tu? Huyo aliyelia hakulia kwa kuguswa na neno la Mungu, alilia kwa kuamini mbingu imemchungulia mfukoni kupitia mdoli. Yeremia 23:31 Bwana anasema yuko kinyume na manabii wanaotumia ndimi zao na kusema, Asema Bwana. Ulimi ulikuwa wako.

Hili si geni. Mwaka 1772 padre mmoja Mfaransa, de La Chapelle, ambaye alikuwa pia mtu wa hesabu, alichapisha kitabu cha kuuchunguza ufundi huu na kuonyesha kwamba ni kazi ya koo na ulimi, hakuna pepo. Mtu ambaye padre huyo alimchunguza zaidi alikuwa muuza duka aitwaye Saint-Gille, fundi wa kuongea hivyo. Humo kuna kisa cha Saint-Gille kuingia kwenye nyumba ya watawa waliokuwa wanaomboleza ndugu yao, mara sauti ikasikika kutoka juu kanisani, kama ya marehemu, ikilalamika anateseka na kwamba wamepoa katika kumuombea. Wale watu wazima, wasomi wa dini, wakaanguka kifudifudi wakalia wakaanza kuomba. Alafu Saint-Gille akawaambia ni yeye, na ikawa kazi kuwaaminisha kwamba walichezewa. Sasa pima mwenyewe, maombi yaliongezeka, machozi yalitoka, je kilikuwa kitu chema? Mimi mafundisho ya toharani, kwamba marehemu anateseka mpaka atakaswe, siyashiki, lakini nawaonea huruma wale watawa, waliibiwa kitu. Na kama wao walinasa, mtoto wa darasa la pili atafanyaje?

Mzee alichoma kitu kisicho na kosa, na kosa lenyewe likapita mlangoni hakuna aliyeliona, tena nina wasiwasi wengine walilishangilia kama ushuhuda.

Kwa hiyo mdoli ruksa, kuongea kwa sauti ya mdoli ruksa, lakini mdoli asiwe Mungu, asiwe Yesu, asiwe malaika, asiwe marehemu, asitabiri, asifunue siri ya mtu, na asiombe wala kuokoka, manake soksi haina dhambi ya kusamehewa na mtoto ataanza kuona wokovu nao ni mchezo. Mimi ninavyopenda, mdoli awe ndo mjinga wa darasa. Yeye anauliza, anakosea, anachanganya Nuhu na Musa, watoto wanapiga kelele kumsahihisha, na mwalimu anafungua Biblia kwa sauti yake mwenyewe na midomo inayotembea. Dakika chache, anarudi kwenye mfuko. Watoto wakirudi nyumbani wanakumbuka jina la mdoli na hawakumbuki habari ya siku ile, hapo wapinzani wako watakuwa na hoja na mimi ntakuwa upande wao.

Kuhusu mtoto wa miaka minne, usibishane na mama yake, wala usikubali kwamba mtoto kaingiwa na kitu. Watoto wadogo wa umri huo wengi wanaogopa kitu chenye macho kinachoongea, ndivyo walivyo, na yeye juu ya hapo kaona kinachomwa moto na watu wazima wamekasirika, mbona hata mimi ningeota. Nenda nyumbani kwao na soksi tupu, mpe avae mkononi mwake mwenyewe aiongeleshe. Akikataa usimlazimishe, kaa na mama yake muombe pamoja, ondoka.

Wazee wakikuita, nenda na mtu mzima mmoja anayeheshimika, usiende peke yako, na mambo haya usiyapeleke kwenye grupu la WhatsApp la kanisa hata wakikuchokoza. Useme hivi, uchawi sikufanya na siwezi kukiri nisichofanya maana nitakuwa nimesema uongo madhabahuni, ila nilitumia jina la malaika isivyofaa na hilo naliungama kwenu na kwa watoto. Waonyeshe soksi, igeuzeni ndani nje wote muone. Mzee mwenyewe mwambie pole, mwambie hukujua habari za mwana hiti, na maanisha. Wakiendelea kukataa midoli katika kanisa hilo, kubali, kuna tofali, kuna udongo, kuna picha za chaki, kuna hadithi. Wasipokurudisha kabisa, usikusanye watoto nyumbani kwako kwa kificho, wazazi wao hawajakupa ruhusa hiyo. Omba, subiri, na unisikilize hapa, usiache kuja ibada kwa sababu ya aibu, dhambi yako wewe haizidi ya mwenye kiberiti.

Lakini kabla ya wazee, muone yule mtoto wa sadaka. Wiki hii hii, mzazi wake akiwepo. Mwambie malaika hakusema kitu, ni mwalimu aliyesema, na mwalimu amekosea. Alafu mwambie kukiri kwake kulikuwa kwema na Mungu amemsamehe kweli, hilo lisifutike pamoja na mdoli. Kama alishapigwa nyumbani kwa ajili ya hiyo hela, ongea na baba yake pia. Ukimaliza niandikie, nataka kujua amesema nini.