Ndege imejaa, mbona hasara?

Wiki hii mmenijazia maswali ya takwimu za mashirika ya ndege, na kila mmoja ana gazeti lake analolishikia bango. Nimeyafupisha.

Kenya Airways mwaka 2023: gazeti moja liliandika faida, jingine hasara. Nani mwongo? (Tabata)

Hakuna mwongo, ila mmoja aliacha kusoma mapema. Shirika lilipata faida ya uendeshaji ya takribani shilingi bilioni 10.5 za Kenya: nauli na mizigo viliingiza kuliko mafuta, mishahara na matengenezo vilivyotafuna. Chini ya mstari huo kuna riba na mikopo ya dola. Shilingi ya Kenya iliporomoka mwaka ule, madeni yakavimba, na mwisho wa hesabu ikawa hasara ya zaidi ya bilioni 22. Kichwa cha habari kibebe mstari wa mwisho. Ule wa juu uelezwe ndani. Na tafadhali, hayo maneno "za Kenya" yasidondoke njiani, maana shilingi yao moja ni zaidi ya kumi za kwetu.

Ndege moja imejaa, nyingine nusu. Wastani si asilimia 75? (Kigamboni)

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tuseme Dash 8 ya viti 76 imekwenda Dodoma, kilomita 400, ikiwa imejaa pomoni. Dreamliner ya viti 262 imekwenda Mumbai, kilomita 4,700 hivi, ikiwa na abiria 131. Mashirika hayahesabu safari, yanahesabu viti mara kilomita. Piga hesabu hiyo kwa viti vilivyokaliwa, gawanya kwa ile ya viti vyote, utapata asilimia 51 tu, kwa sababu safari ya Mumbai inaimeza ya Dodoma. Na hata ikifika 90, bado hujajua nauli ilikuwa kiasi gani; viti vilivyouzwa kwa bei ya kutupa navyo vinahesabiwa vimejaa.

Abiria wa Uwanja wa Julius Nyerere ni idadi ya watu? (Mbagala)

La. Ukienda Mwanza na kurudi, Dar es Salaam inakuhesabu mara mbili, Mwanza mara mbili, shirika mara mbili. Mwandishi akijumlisha viwanja vyote kisha akaandika "Watanzania milioni kadhaa wamepanda ndege", mrudishie habari yake.

Kwa nini hasara ya ATCL (Air Tanzania) hailingani na miaka ya wengine? (Kinondoni)

Kwa sababu mwaka wake wa fedha unafungwa Juni, wa Kenya Airways Desemba. Ile hasara ya shilingi bilioni 56.64 aliyoitaja CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ni ya 2022/23. Ukiandika "mwaka 2023", nusu yake umeikosea.

Viti vilivyojaa vimetoka asilimia 70 hadi 77. Ni ongezeko la asilimia 7? (Kariakoo)

Ni pointi 7 (77 kutoa 70), au asilimia 10 ukipenda, maana 7 ni sehemu ya kumi ya 70. "Asilimia 7" futa.