Tishari la Kemikali Likivuja Mkondoni

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni nahodha wa mashua ya abiria kati ya Mokowe na kisiwa cha Lamu. Nimesoma kwamba mwaka 2011 chombo cha asidi kilipinduka katika Mto Rhine, Ujerumani, na wataalamu wakaiachia asidi mtoni. Je, tishari likivuja huku kwetu, nasi tutaambiwa bahari itaimeza? Na nikiwa karibu nifanyeje?
Msomaji, Mokowe

JIBU: Kisa hicho ni cha kweli, lakini asidi haikuachiwa kwa uzembe. Meli ya Waldhof ilipinduka tarehe 13 Januari karibu na jabali la Loreley, ikiwa na takriban tani 2,400 za asidi ya salfuriki. Maji yalipopenya matangini yaliizimua asidi, na asidi hiyo ikishazimuliwa hula chuma kwa kasi kuliko ilipokuwa kali kabisa, ikitoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka kwa cheche ndogo. Kwa kuhofia mlipuko, mwezi uliofuata waokoaji waliachia sehemu ya asidi kidogo kidogo huku wakiyapima maji ya mto.

Rhine ni mto mkubwa, na maji yake yakipita hayarudi. Lakini katika mkondo wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yaliyopwa hurudi yakijaa, na siku za maji mafu, yaani kupwa na kujaa kunapokuwa kudogo, husogea kidogo tu, hivyo sumu inaweza kukawia kwenye mikoko wanamokulia kaa na kamba. Kwa hiyo anayesema bahari itaimeza, mwulize kwanza ni kemikali gani na ni bamvua (maji makubwa) au maji mafu. Hata maboya ya kuzuia mafuta, ambayo wengi huyategemea, hayazuii kitu kilichokwisha kuyeyuka majini.

Wewe nahodha, kaa joshini, yaani upande upepo unakotoka, na kaa mbali. Ukijikuta upande wa chini ya upepo, toka kwa kuukata upepo kwa ubavu, kwa sababu gesi kama klorini ni nzito kuliko hewa na hutambaa juu ya maji, usawa wa abiria waliokaa. Usikaribie kutoa msaada wa kamba kabla ya kujua shehena. Kontena na matangi ya kemikali hubandikwa namba: 1830 ni asidi ya salfuriki, 1017 ni klorini. Isome kwa darubini, kisha uwapigie polisi 999 ukiwatajia namba hiyo, mahali, na upepo unakoelekea. Aliyerukiwa na kemikali avuliwe nguo na aoshwe kwa maji safi mengi, na nyavu zisitupwe hapo mpaka maji yapimwe.