ANKO WA DAWATI: Habari yangu imepewa alama za tangazo

SWALI: Shikamoo Anko. Nasoma dipoloma ya uandishi wa habari hapa Arusha, mwaka wa pili. Ticha katupa kazi, tukio moja tuliandike mara mbili, kwanza kama tangazo la kumfurahisha mwenye biashara afu kama habari ya gazetini. Mimi nikaenda kwenye uzinduzi wa kampuni moja ya kupandisha watalii Kilimanjaro, walikuwa wanazindua pakeji ya siku saba njia ya Machame, tukala tukashiba, tukapewa fulana na kofia, na wakati wa kutoka kila mwandishi akapewa elfu ishirini ya nauli. Tangazo nimepata 17 kati ya 20. Habari nimepata 6, na ticha kaandika kwa wino mwekundu "hili ni tangazo la pili". Imeniuma kwa sababu maneno yote ya kusifia nilitoa, hakuna "ya kipekee" wala "usikose", nani nini lini wapi ipo, mkurugenzi nimemnukuu. Angalia mwenyewe mwanzo wa zote mbili.

Tangazo: "Umewahi kuota umesimama juu ya paa la Afrika? Ndoto yako sasa ina tarehe. Siku saba, njia ya Machame, waongozaji waliobobea, chakula cha moto kila kambi, na karibu wateja wetu wote wanafika kileleni."

Habari: "Kampuni ya utalii ya jijini Arusha imezindua pakeji ya siku saba ya kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Akizungumza katika uzinduzi huo jana, mkurugenzi wa kampuni hiyo alisema karibu wateja wao wote wanafika kileleni kutokana na waongozaji waliobobea na chakula cha moto katika kila kambi."

Sasa Anko, tangazo liko wapi hapo?
*Mwanachuo, Ngarenaro*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole ya hiyo sita. Nianze na zuri, "ndoto yako sasa ina tarehe" ni sentensi ya mtu anayejua kuuza, ukimaliza chuo ukakosa kazi gazetini usilie, watu wa masoko wanalipa kuliko sisi na wanalipa kwa wakati.

Ila ticha hajakuonea. Zisome zote mbili kwa sauti, yaliyomo ni yale yale, siku saba, waongozaji, chakula, kilele, hata mpangilio karibu ufanane. Ulichofanya ni kulivua tangazo nguo za sherehe ukalivalisha suti na tai, basi. Kule kampuni inajisifia yenyewe, huku inajisifia kupitia "alisema".

Wanafunzi wengi mnadhani tofauti iko kwenye vivumishi, kwamba ukifuta "murua" na "ya aina yake" habari inazaliwa. Hapana bwana. Tofauti ni kwamba baada ya ukumbini ulienda kwa nani, na wewe nadhani ulipanda daladala ukarudi geto ukaandika.

Anza na "imezindua", maana hilo neno moja tu limekuingiza mkenge. Machame ya siku saba inauzwa na makampuni kibao hapa Arusha na Moshi tangu zamani, wengine wanaiuza ya siku sita, na ile siku ya ziada wanaisifia kwa sababu mwili unapata muda wa kuzoea hewa nyepesi ya juu. Sasa kilichozinduliwa pale ni nini, kama si chakula chenu cha mchana? Kampuni ina haki kabisa ya kuita bidhaa yake mpya maana kwao ni mpya, lakini wewe ukiandika "imezindua" bila kumwambia msomaji kwamba duka la jirani nalo linauza hiyo hiyo, umeshakuwa mtu wa masoko bila mshahara.

Afu njoo kwenye "wanafika kileleni", hapa ndo nilitamani nikuvute sikio. Kilele kipi? Anayepanda kwa Machame anatokea ukingo wa kreta, lile shimo la volkano kule juu, pale Stella Point, akifika pale ameshatembea usiku kucha, kichwa kinamgonga, wengine wanageuzia hapo hapo, na kutoka Stella mpaka Uhuru penyewe, kilele cha juu kabisa, mita 5,895, bado ni kama saa moja ya kujikokota. Wanaopanda kwa njia nyingine, ya Marangu, wao wanatokea Gilman's Point, mbali zaidi kidogo. Na hifadhi inawatofautisha hawa watu, cheti cha aliyefika Uhuru siyo sawa na cha aliyeishia ukingoni, lakini wote wawili wanarudi nyumbani na cheti cha mlima kimeandikwa jina lao. Kwa hiyo mkurugenzi anaweza kusema "karibu wote" na asiwe amedanganya, inategemea anahesabu kutoka wapi. Swali moja tu, "mkurugenzi, hao ni wa Uhuru au na wa Stella mnawahesabu?", lingekupa habari ambayo hakuna mwandishi mwingine pale ukumbini aliyetoka nayo. Na ungeongeza la pili, ni wateja wangapi na wa kuanzia lini, maana karibu wote wa watu kumi siyo karibu wote wa watu mia tano.

Chakula cha moto nacho hakipandi mlima chenyewe. Kuna vijana wamekibeba, wapagazi, wenyewe wanajiita wagumu, mitungi ya gesi, mahema, meza, viti, mayai, vyote kichwani na mgongoni, na mzigo unapimwa kwenye mizani getini usizidi kilo 20. Kwenye tangazo lako hawamo na wala sikulaumu, mteja anayeota paa la Afrika hataki kufikiria shingo ya mtu. Lakini kwenye habari kutokuwepo kwao ndo kosa la alama nyingi kuliko yote. Ungeamka asubuhi moja ukaenda geti la Machame, ungewakuta wamejaa wanasubiri kupangiwa safari, ungewauliza wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, hela inakuja lini baada ya kushuka, bakshishi inagawiwaje, mizani inafuatwa au inafumbiwa macho. Labda wangekwambia ile kampuni ni safi kuliko zote! Inawezekana, na hiyo nayo ni habari, tena ingeisaidia kampuni kuliko fulana hamsini.

Usinielewe vibaya nikaonekana nasema tangazo ni uongo, tangazo linaweza kuwa kweli tupu. Mwaka 1906 huko Marekani, treni ya Pennsylvania Railroad ilitoka kwenye reli darajani karibu na Atlantic City ikatumbukia majini, wakafa watu zaidi ya 50. Kampuni za reli enzi hizo zilizoea kuficha ajali, ila hawa walikuwa na mshauri anaitwa Ivy Lee, mwenyewe aliwahi kuwa mwandishi wa magazeti, akawaambia msifiche, tuandike sisi wenyewe kilichotokea tuwape waandishi, na waandishi akawapeleka mpaka eneo la ajali. Wengi wanaihesabu ile kuwa ndo taarifa kwa vyombo vya habari ya kwanza duniani, na New York Times waliichapa kama ilivyokuja. Ona alivyokuwa na akili, hakudanganya mtu, alichofanya ni kuwahi kuchagua kitakachosemwa. Maswali ya ndugu wa marehemu yangekuwa mengine kabisa, na hayo hayawezi kuandikwa na ofisi ya reli hata iwe na roho nzuri namna gani.

Ningekuwa mimi mwanzo wako ungekuwa hivi: "Kampuni ya utalii ya jijini Arusha imejiunga na wanaouza safari ya siku saba ya Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame, ikisema karibu wateja wake wote hufika kileleni. Alipoulizwa ni wangapi kati yao walifika Uhuru na wangapi waliishia Stella Point, mkurugenzi wake..." Hapo naishia, jibu ulifuate wewe, nikiendelea nitakuwa natunga.

Ile elfu ishirini sasa. Nauli ya kutoka hapo mjini mpaka Ngarenaro unaijua na mimi naijua, ni karibu mtu anatembea. Hiyo inaitwa bahasha hata kama haikuwa na bahasha. Kabla ticha hajaambiwa na mwenzako, mweleze wewe mwenyewe kwamba uliipokea.

SWALI: Anko habari za kazi. Niko fildi kwenye redio moja hapa Moshi, mtu wa matangazo kaniletea karatasi ya dawa ya nguvu za kiume, anataka niisome katikati ya taarifa ya habari ya saa mbili kwa sauti ile ile ya habari, anasema mteja kalipia "kimfumo wa habari". Nikikataa si wataninyima barua ya fildi?
*Msomaji habari mtarajiwa, Majengo*

JIBU: Mwambie utaisoma, lakini baada ya habari kuisha na baada ya mlio wa matangazo. Usiseme "nakataa", sema "niiweke wapi?" na umuulize mhariri wa zamu mbele ya watu, kwa sauti. Mteja anachokilipia hapo siyo dakika za hewani, anailipia ile sauti inayotumika kutangaza misiba na mafuriko, maana bibi yangu kule Kibosho akisikia sauti hiyo anaamini, na kesho yake anamtuma mtu dukani, japo hiyo dawa sijui angeifanyia nini. Wakikunyima barua niandikie tena.

SWALI: Anko unatupiga mikwara tu, wewe hujawahi kula bahasha?
*Asiyetaka jina, Sakina*

JIBU: Nimekula. Zamani, mkutano wa ushirika mmoja huko Kilimanjaro, sikupewa hela, nilipewa mfuko wa kahawa kilo mbili, nzuri kweli. Nikaandika aya kumi na mbili, mwenyekiti kazungumza katika tisa. Wakulima walikuwa wamesimama nje wanasubiri malipo yao ya msimu uliopita, niliwapita getini wakati naondoka na mfuko wangu, mmoja akanisalimia.