Swali la lugha: X-Men ni sitiari, istiara au fumbo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika insha kuhusu supahiro na ulemavu, hasa X-Men, lile kundi la mutanti (watu waliozaliwa na nguvu za ajabu) kwenye katuni na muvi za Marekani. Nimeandika "X-Men ni sitiari ya walemavu", rafiki yangu anasema hapana hiyo ni istiara, mwingine anasema ni fumbo tu basi. Ipi sahihi? Na supahiro wengine, Daredevil na Makkari, niwaweke kundi hilohilo?

Jibu: Marahaba mwanangu. Rafiki yako wa kwanza ndo kapatia, andika istiara. Sitiari na istiara asili yao moja, neno la Kiarabu lenye maana ya kuazima, na vitabu vingi vya shule bado vinayachanganya (Kenya wana jazanda pia, hapo ndo wanafunzi wanazidi kuchanganyikiwa), ila kwenye uhakiki wengi wameshayagawia kazi. Sitiari inakaa ndani ya sentensi, ukisema "Juma ni simba" umemaliza. Istiara inabeba hadithi nzima, juu unasoma kisa kimoja na chini yake kinatembea kingine mwanzo mpaka mwisho. Kama umesoma Kusadikika ya Shaaban Robert ya 1951 unaijua tayari, nchi yenyewe iko angani lakini madhalimu wanaosemwa ni wa hapa chini ardhini. Fumbo ni neno pana zaidi na ndani yake kuna nia ya kuficha, ndo maana tunasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. X-Men hawajaficha sana, tangu 1963 habari ni ileile, vijana wamezaliwa tofauti, tofauti inajitokeza wakibalehe, majirani wanawaogopa, na mwalimu wao Charles Xavier yuko kwenye wilichea.

Sasa kinachonisumbua zaidi kwenye sentensi yako ni hicho kineno "ya". Ukiandika "istiara ya walemavu" umefunga mlango, wakati hadithi hii watu wameisoma kama habari ya ubaguzi wa rangi, ya Wayahudi (Magneto, hasimu wao mkuu, ni manusura wa kambi za Wanazi), ya mashoga, na ya ulemavu pia. Andika "inasomeka kama istiara ya maisha ya watu wenye ulemavu". Na hapo nimekubadilishia makusudi, watu wenye ulemavu, siyo walemavu. Hata sheria ya Tanzania ya 2010 inaitwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, mtu anatangulia, na sisi ambao wazee wetu walituachia hujafa hujaumbika hatuna sababu ya kuona uzito kusema hivo.

Halafu kuna kitu ningependa ukiweke kwenye insha yako maana ndo kinaonyesha istiara inavyofanya kazi na inapokwama. Kwenye muvi yao ya 2006, X-Men: The Last Stand, inatangazwa dawa ya kuondoa umutanti. Storm, mmoja wa X-Men, anakasirika, anasema hakuna cha kutibu hapa, hatuna kasoro. Storm huyu ndo yule ambaye mama yake ni Mkenya na Xavier alimkuta Kenya kwenye toleo la katuni la 1975, anatawala mvua na radi anavyotaka, nguvu yake haimzuii kumkumbatia mtu. Pembeni yake yupo mwenzake Rogue, akikugusa tu anakunyonya uhai, anaishi na glavu, na yeye dawa anaitaka. Storm anaongea lugha ya ubaguzi wa rangi na kwa lugha hiyo yuko sahihi kabisa, lakini Rogue yuko kwenye ulemavu, ambako jamii kukubagua ni shida moja na mwili wenyewe kukuuma ni shida nyingine, na mtu anaweza kudai heshima na dawa kwa pamoja bila kujipinga. Istiara moja ikibebeshwa visa viwili vya chini inapasuka hapohapo, na mimi naona pale ndo pa kuandikia insha, siyo kwenye jina la tamathali.

Daredevil usimweke kundi hilo. Jina lake halisi Matt Murdock, wa katuni za 1964, ni kipofu kweli, upofu wake hausimami badala ya kitu kingine, kwa hiyo istiara haipo. Kinachoulizwa kwake ni kingine kabisa: waandishi wamempa hisi kama rada inayomwonyesha kila kitu, je, upofu umebaki au umefutwa kijanja? Wasomaji wengi wasioona wamelalamikia hilo na wana haki. Mlinganishe na Barbara Gordon, yule Batgirl wa katuni za Batman, alipigwa risasi kwenye hadithi ya 1988, mwaka uliofuata akarudi kwa jina la Oracle akifanya kazi kwenye wilichea kwa kompyuta na akili yake, hakuna nguvu ya miujiza iliyokuja kumfidia, na 2011 walipomrudisha kutembea kuna wasomaji wenye ulemavu waliumia sana, maana yule alikuwa wao.

Makkari wa muvi ya Eternals ya 2021 ni hivohivo. Kaigizwa na Lauren Ridloff ambaye ni kiziwi, anaongea kwa lugha ya alama, anakimbia kuliko wote na mbio hazimponyi masikio. Usiandike "Makkari anaashiria viziwi" wala usikwepe neno kiziwi kwa kuona linatusi, viziwi wenyewe Tanzania chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi. Andika "Makkari ni kiziwi", upatanisho wa mtu, kiziwi huyu anakimbia, viziwi hawa wanakimbia, siyo "kiziwi hiki".