Kabla hujalipa karo ya uuguzi: majibu kwa wasomaji

Tangu matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yatoke, wazazi na vijana wamekuwa wakiniuliza kuhusu shahada ya uuguzi. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia sana.

Nina wastani wa B-, lakini Biolojia nilipata C. Nitachukuliwa? (Msomaji, Changamwe)

Kwa shahada, hapana mwanangu, na ni heri uambiwe mapema. Wastani unaotakiwa ni C+, lakini pia lazima uwe na C+ katika kila somo kati ya haya: Biolojia, Kemia, Kiingereza au Kiswahili, na Hesabu au Fizikia. Somo moja likipungua, A za masomo mengine haziwezi kulifidia.

Diploma iko wazi kwako. Huko wanataka wastani wa C, Biolojia C, Kiingereza au Kiswahili C, na C- katika Kemia, Fizikia au Hesabu. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wana kampasi hapa hapa Mombasa. Ukimaliza, ukasajiliwa na kufanya kazi, utaweza kujiendeleza hadi shahada. Nimefanya kazi na wauguzi waliopitia njia hiyo, na wodini wana mkono mwepesi na jicho kali. Usikubali mtu akwambie kwamba umeshindwa.

Kuna chuo kinataka nilipe karo sasa, eti kibali cha kozi "kinakuja". Nilipe? (Mzazi, Bamburi)

Usilipe, dadangu. Hata shilingi moja.

Chuo kinaweza kuwa na majengo mazuri na kozi nyingine halali, lakini kozi ya uuguzi lazima iidhinishwe na Baraza la Wauguzi la Kenya. Baraza ndilo linalomsajili mwanafunzi na kumpa nambari yake, na bila nambari hiyo mwanao hataruhusiwa kufanya mtihani wa leseni. Atasoma miaka minne, atavaa joho, na hospitali hazitamwajiri kama muuguzi. Nimewaona wazazi waliouza kiwanja kwa karo ya namna hii, na sijui maneno ya kumfariji mtu aliyefikwa na hilo. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa iko kwenye tovuti ya Baraza. Itazame mwenyewe, usitegemee karatasi aliyokuonyesha wakala. Na ukiwa ofisini mwa chuo waulize: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamekwisha kupewa nambari za Baraza? Sikiliza watakavyojibu.

Niliponea kwa Fizikia, Hesabu ilinishinda. Uuguzi una hesabu nyingi? (Msomaji, Mtwapa)

Si nyingi, ila hazina msamaha. Chukua mfano wa kila siku wodini kwa watoto. Daktari ameandika amoksilini miligramu 200. Chupa uliyoshika ina miligramu 250 katika kila mililita 5, yaani 50 katika mililita moja. Mtoto atapewa mililita 4. Hapo hakuna aljebra, ni kugawanya tu. Lakini unagawanya saa tisa usiku, mtoto analia, mama yake anakuangalia, na nukta ikisogea mahali pamoja tu dozi inakuwa mara kumi. Ndiyo maana tunawafundisha wanafunzi kuandika hesabu kwenye karatasi, kisha mwenzao airudie upya bila kuangalia jibu lao. Anza mazoezi haya sasa ukiwa nyumbani: gawanya, zidisha, badilisha gramu ziwe miligramu. Ukifika mwaka wa pili, somo la dawa halitakutisha.

Mimi ni mwanamume. Nitalazimika kusomea ukunga? (Msomaji, Kisauni)

Ndiyo, ndugu yangu. Ukunga umo katika shahada pamoja na afya ya jamii, afya ya akili na uuguzi wa watoto, na kuna idadi ya akina mama utakaowazalisha chini ya msimamizi kabla hujahitimu. Mama ana haki ya kumkataa mwanafunzi, awe mwanamume au mwanamke. Akikataa, unaondoka kwa adabu. Jitambulishe kwa jina, mwombe ruhusa kabla hujamgusa, mfunike vizuri. Mama aliye kwenye uchungu humkumbuka sana aliyemsemesha vizuri.

Hijabu inaruhusiwa? (Msomaji, Majengo)

Hapa kwetu wauguzi wengi wanavaa. Iwe fupi, ichomekwe ndani ya sare, na mikono ya nguo ikunjwe ili uweze kunawa vizuri. Uliza sheria za chuo chako kabla hujashona sare.

Karo itatoka wapi? (Mzazi, Likoni)

Aliyepangiwa nafasi na KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, anaomba mkopo wa HELB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na ufadhili wa serikali kwenye mtandao. Aombe mara tu dirisha linapofunguliwa, na kitambulisho na karatasi za wazazi ziwe tayari. Weka akiba pia ya mambo yasiyoandikwa kwenye karo: sare, saa yenye mshale wa sekunde, nauli ya kwenda hospitalini, na chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo ni dozi tatu kwa muda wa miezi sita. Aanze chanjo kabla hajaingia wodini, si baada ya kuchomwa na sindano.

Nafanya kazi hotelini na nina mtoto mdogo. Nitaweza kusoma shahada hii jioni? (Msomaji, Likoni)

Shahada ya kuanzia mwanzo haiendi hivyo, dadangu. Asubuhi una darasa, kisha kuna wiki nzima nzima za zamu hospitalini, za usiku zikiwemo, na saa zako zinahesabiwa na kutiwa saini. Zamu ikianza alfajiri katika hospitali ya Makadara, kisiwani Mombasa, wewe wa Likoni unapaswa kuwa kwenye feri kungali giza. Na baada ya miaka minne kuna mwaka mmoja wa intanishipu, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi, ambao wahitimu wengine wamelazimika kuusubiri kabla ya kupangiwa.

Kwa hiyo keti kwanza na mama yako au dada yako. Mwambie wazi ni usiku gani mtoto atalala kwake na kwa muda gani. Akikubali, jaza fomu. Akisita, kusanya akiba mwaka mmoja zaidi hapo hotelini. Alama zako za KCSE haziharibiki kwa kungoja.