Maswali yenu: Stoo ya kahawa imelala, puto litaiamsha?

SWALI: Dada, habari ya kazi. Naishi Kahawa West lakini ushago ni Murang'a, na huko kwetu kuna stoo ya kahawa ya chama cha ushirika, ilifungwa nikiwa darasa la nne, mabati nusu yameng'olewa zimebaki kuta za mawe na popo. Juzi nimeona picha za kijiji fulani ng'ambo ambako wasanii wamejaza maputo makubwa ndani ya majengo yaliyoachwa, yanachomoza madirishani na watoto wanaruka juu yake. Vijana wa kwetu tunaweza kufanya hivo Desemba tukirudi? Na ukuta hautaanguka? – Msomaji, Kahawa West

JIBU: Kaka, swali lako limenigusa manake hizo stoo ziko kila ridge, ukipanda matatu Thika uelekee juu utazihesabu mpaka uchoke. Msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa kahawa zaidi ya tani 120,000, siku hizi hatufiki hata nusu ya hiyo, kwa hivo majengo yaliyojengwa kubeba mavuno ya wakati ule yamesimama tu, watu wanapita wakienda soko na hakuna anayegeuza shingo.

Na si ndoto. Mwaka wa 1972 kule Kassel, Ujerumani, kundi la wasanifu kutoka Austria linaloitwa Haus-Rucker-Co lilitoa puto angavu la upana wa mita 8 kupitia dirisha la Fridericianum, jumba la makumbusho la tangu karne ya 18, na ndani ya puto wakaweka mitende na bembea ya kulalia. Hebu fikiria umepita hapo maisha yako yote halafu asubuhi moja dirisha limefura shavu! Japani nao, baada ya tsunami ya 2011, waliletewa ukumbi mzima wa hewa kule Matsushima, watu kama 500 wanakaa ndani kusikiliza muziki, kazi ya Anish Kapoor na Arata Isozaki, mwaka wa 2013.

Sasa ukuta. Hapa ndo nataka usome polepole. Msukumo wa hewa unaosimamisha puto la aina hii ni mdogo sana, paskali 250 hivi zaidi ya hewa ya nje, lakini paskali 250 ni sawa na kilo 25 kwa kila mita mraba na ukuta una mita mraba nyingi. Chukua ukuta wa mita 8 kwa 3, hizo ni mita mraba 24, puto likiuegemea wote unasukumwa nje na uzito wa kilo 600. Ukuta wa mawe ambao paa lake limeng'olewa, hauna kitu cha kuushika juu, udongo kati ya mawe umeshaoshwa na mvua miaka yote hiyo, mimi singeuamini. Kwa hivo shona puto liwe DOGO kuliko chumba, liwe na sakafu yake lenyewe, lijishike kwa ngozi yake, liwe linagusa ukuta kwa shavu tu. Kule dirishani litakakochomoza, zungushia fremu ya mbao uliyopiga msasa ndo kingo za mawe zisilipasue.

Turubai la lori lililotumika linafaa kuliko nailoni nyepesi, na kushona kwa cherehani si mbaya vile watu hudhani, hewa itatoka kwenye matundu ya sindano lakini bluwa, ile feni ya kupuliza hewa, inaijaza saa zote, baunsing kaso zote, yale majumba ya hewa ya watoto kurukia, hufanya kazi hivo. Bluwa ya kawaida inakula kama kilowati 1.5, masaa sita ni yuniti 9 za tokeni. Stima ikipotea puto linalegea taratibu, kwa hivo mtu mzima akae mlangoni muda wote, asiende kununua soda, asiende kuongea na simu. Chagua turubai jeupe manake la giza likipigwa na jua ndani mnaiva. Misumari ya mabati iokoteni wenyewe kwa mikono, kila mmoja. Paa likiwa la asbestosi hapo simama kabisa, usivunje wala usifagie vumbi lake, ongea na NEMA, mamlaka ya mazingira, kwanza.

Lakini kabla ya hayo yote nenda kwa chama cha ushirika. Hiyo stoo ina wenyewe, hata kama hawajaifungua miaka ishirini. Kaa na wazee wakuonyeshe mizani ilisimama wapi, foleni ya gunia ilipita mlango gani, kisha puto lifuate njia hiyo hiyo, watoto waingie pale kahawa iliingilia na watokee pale ilitokea. Puto halitatengeneza jengo, nakwambia ukweli, ila siku tatu za watu kuwa ndani zitafanya mkutano ujao wa ushirika uongee habari ya paa, na mimi hiyo naitaka sana.

SWALI: Si plastiki ilipigwa marufuku? – Mwanafunzi, Juja

JIBU: Ile ya Agosti 28, 2017 ni mifuko ya kubebea na kufungia vitu vya dukani na nyumbani, turubai halimo. Vipande vilivyobaki virudi na nyinyi mjini, visiachwe mtoni.

SWALI: Mwanangu, kwetu Umoja kwa bathidei baunsing kaso iliinuliwa na upepo upande mmoja watoto wakiwa ndani. Hawakuumia lakini sijalala vizuri tangu hiyo siku. Mwenye kaso aliniambia ni kawaida. – Mama wa watatu

JIBU: Mama, pole sana, na si kawaida hata kidogo. Desemba 2021 kule Devonport, Tasmania, watoto 6 walifariki kaso ilipoinuliwa na upepo shuleni. Kanuni za Ulaya zinataka vishikio visivyopungua sita, kila kimoja kiweze kuhimili kilo 163, na upepo ukipita kilomita 38 kwa saa watoto watolewe. Kwa uwanja wa kabro ambao huwezi kupiga vigingi, hesabu mifuko minne ya simiti ya kilo 50 kwa kila kamba, sio jerikeni moja ya maji vile nimeona Eastlands nzima. Siku nyingine zunguka mwenyewe uvute kila kamba kabla mtoto hajavua viatu, na kamba moja ikilegea mwambie mwenye kaso azime bluwa, hata kama umeshalipa.