Mkeo Haichukii Kamera, Mwanangu

*Shikamoo Shangazi. Napenda kupiga watu picha wakiwa hawajui, maana hapo ndipo sura za kweli hutoka. Sikukuu iliyopita ukoo mzima ulikuja kwetu, nikapiga picha 212. Nzuri kuliko zote ni ya mke wangu amesimama dirishani, macho yamevimba kidogo, ina hisia sana. Niliituma kwenye kundi la WhatsApp la familia pamoja na ya mama mkwe amesinzia kinywa wazi. Watu walicheka, wakasifia. Tangu siku hiyo mke wangu hataki kuniona na simu, anasema nimemdhalilisha. Nifanyeje aelewe kwamba hii ni sanaa?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ukimya wa humo ndani. Huruma yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama palepale: mkeo alikuwa analia nini?

Umenitajia dirisha, umenitajia hisia, kilio hukukitaja. Nadhani hujui, kwa kuwa hukuuliza. Ulimwona mkeo macho yamevimba, ukatafuta pembe nzuri.

Halafu hizo picha 212. Wakati unazipiga, nani alikuwa anapokea wageni? Nani anapika, nani anaosha vyombo, nani anawatandikia? Katika barua nzima hakuna neno hata moja juu ya kazi ya siku ile, kana kwamba sikukuu ilijiandaa yenyewe. Usione vyaelea, vimeundwa. Zifungue sasa hivi umtafute mkeo. Utamkuta amekupa mgongo, taulo la vyombo begani, mkono mmoja umeshika sufuria na mwingine umembeba mtoto wa mgeni. Kisha hesabu ni ngapi ameketi.

Kupiga watu picha bila kuwapanga sikukatazi. Ukiwapanga mstari ukahesabu moja, mbili, tatu, unaambulia meno tu. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyesifika kwa picha za namna hiyo, alikuwa akifunika kwa utepe mweusi sehemu za kamera yake zinazong'aa ili watu wasimshtukie. Lakini yeye mwenyewe hakupenda kupigwa picha. Alipopewa shahada ya heshima Oxford mwaka 1975, alijiziba uso kwa karatasi. Bingwa mzima aliona uzito wa sura yake kuchukuliwa, sembuse mama mkwe wako?

Na yule mama, mwanangu, alisinzia kwako kwa sababu alijiona yuko kwa mwanawe. Mtu hasinzii mbele ya asiyemwamini. Ukaichukua imani ile ukawapa watu wacheke. Hapa niko upande wa mkeo moja kwa moja, na laiti angekasirika mapema zaidi.

Ndoa za siku hizi zinaniumiza moyo. Zamani aibu ndogo za nyumba ziliishia ndani ya kuta zake. Siri ya mtungi aliijua kata. Leo mume anamjua mkewe kupitia kioo cha simu, na mke anasikia kwa mashemeji kwamba eti alipendeza siku ile aliyokuwa akilia. Kupiga ni jambo moja, kusambaza ni jingine, na hili la pili ndilo linalobomoa.

Picha zote mbili zifute, mkeo akiwa ameketi kando yako. Usisahau sehemu ya picha zilizofutwa, maana simu nyingi huzitunza humo siku 30. Kwenye kundi, waombe ndugu wazifute na useme wazi kwamba kosa ni lako. Kwa mama mkwe nenda mwenyewe, usimtumie ujumbe.

Mkikusanyika tena, kwanza kunja mikono ya shati ufanye kazi. Kamera itoe baadaye. Zima flashi, kaa na watu karibu na dirisha mpaka wakuzoee, na kwa watoto piga magoti ulingane na kimo chao. Hakuna picha kutoka kwenye simu yako kabla mwenye sura hajaiona na kuikubali.

Ila hayo ni ya sikukuu ijayo. Leo usiku, watoto wakishalala, simu iache chumba kingine, ukae na mkeo umuulize kilichomliza pale dirishani.